Misumari ya Saa Mlangoni

Kisiwa cha Norderwisch
3 Septemba 1968

Frauke mwanangu,

Nakusalimu kwa mkono unaonuka kondoo. Mimi ni mzima, goti tu ndilo linalolalamika, nami nimeliambia likome. Kondoo wote wamekubali kupanda kilimani penye nyumba isipokuwa wawili wakaidi, hao bado wanalala kule chini kwenye majani ya chumvi kana kwamba wamelipia chumba. Mgongo wa mumeo unaendeleaje? Mwambie Dirk mgongo wa mwanamume huponywa na kazi, si na blanketi.

Kabichi imekubali mwaka huu. Mke wa jirani yetu Nahmen wa mashua amenuna tena, safari hii sijui ni kwa lipi, na sitauliza.

Wiki iliyopita nilipeleka kundi la watazama ndege mpaka Kichangani, kwenye fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa. Watu tisa, darubini kumi na mbili. Walitundika saa zao kwenye misumari ya mlangoni kama ilivyo desturi ya nyumba yetu, wakacheka, wakauliza maswali yaleyale, nikawajibu yaleyale: huku saa haiingii, huku tunasoma ndege. Sululu, wale ndege wa mdomo mrefu uliopinda, wakiinuka Kichangani na kupita juu ya vichwa vyetu kuelekea majanini, ujue maji yameanza kujaa, nasi tunawafuata nyuma. Saa haijui upepo. Ndege anaujua. Walirudi wote. Walilowa kidogo.

Jambo jingine: kuna tai. Tai wa bahari, mkia mweupe, mabawa yake akiyatandaza ni kama mlango wa zizi. Sijamwona wa aina yake hapa tangu nizaliwe. Na unajua amechagua kukaa wapi? Juu ya nguzo tuliyoisimika pale majanini alipopatikana baba yako. Kisiwa kizima hiki, na yeye kaiona nguzo ya Ketel tu!

Lete watu wako wa chama cha watazama ndege Oktoba kama tulivyokubaliana.

Shangazi yako,
Gönke


Husum
12 Septemba 1968

Shangazi yangu mpenzi,

Hapa hatujambo. Dirk alisimama wima jana kwa mara ya kwanza, akapiga chafya, akarudi kitandani. Nimemfikishia maneno yako. Amesema anakushukuru na kwamba ukija mjini atajificha.

Kuhusu tai: nilisoma barua yako kwenye mkutano wa chama, na sikumaliza sentensi. Watu wazima waliruka vitini! Wapo waliotazama ndege pwani hii maisha yao yote hawajamwona tai wa bahari kwa karibu. Tutakuja watu kumi na mmoja pamoja nami, Jumapili tarehe 6 Oktoba, siku ya bamvua, maji yatakapokuwa yamekupwa mpaka mwisho. Nimewaambia hakuna mtu katika pwani yote ya Kaskazini anayekijua Kichanga kama shangazi yangu.

Sasa nijibu. Umeandika "walilowa kidogo" halafu ukakimbilia kwa tai. Nakujua, shangazi. Ulipoandika kwamba dhoruba "imeliinua paa kidogo," tulilikuta shambani kwa Nahmen. Kidogo ni kiasi gani? Miguu? Magoti?

Nimeweka kahawa na chupa moja ya ramu kwenye kifurushi. Ramu ni ya goti.

Mwanao,
Frauke


Norderwisch
25 Septemba 1968

Frauke mwanangu,

Salamu zimefika, na ramu pia, ingawa barua ililala kwa Nahmen wiki nzima kwa sababu maji yalikata njia ya kuja kwangu, na najua mkewe aliimulika dirishani asome yaliyomo. Goti limekunywa sehemu yake. Mimi nimekunywa sehemu ya goti.

Mabata bukini weusi wameingia kutoka Siberia. Alfajiri walikuwa wawili watatu, kufikia chai ya asubuhi majani yote ya upande wa magharibi yalikuwa meusi, na kelele zao hazimpi mtu nafasi hata ya kuwaza. Ungefurahi. Nilisimama mlangoni na kikombe nikawaambia, "Mmechelewa, wazembe nyie." Kila mwaka nawaambia hivyo, kila mwaka nafurahi kama mjinga.

Lakini yule jambazi hawaachi. Jana kamkamata mmoja mbele ya macho yangu, bata mzima mwenye mafuta, kaenda kumnyonyolea juu ya nguzo ya ndugu yangu. Manyoya yamezagaa pale kama kitanda kilichochanika. Tangu aje, ndege wa kisiwa hiki hawana mpango. Wanaruka pasipo sababu, hawatui mahali pao. Sululu nao.

Nimeishusha bunduki ya babu yako kutoka darini nikaipaka mafuta. Bunduki isiyopakwa mafuta hushika kutu. Usianze kuwaza.

Karibuni tarehe sita. Waambie wavae soksi za sufu.

Gönke


Husum
29 Septemba 1968

Shangazi,

Dirk anakusalimu, yuko kazini. Hali ya hewa ni ya mvua. Hizo ndizo salamu, na utanisamehe hazina marefu.

Ijumaa waliniletea mgonjwa wodini, nimonia iliyotokana na kikohozi cha mwezi mzima. Jina lake Bibi Annelene Thomsen, mwalimu mstaafu, mfupi, macho makali. Aliposikia kwamba kwetu ni Norderwisch akaniuliza, "Una undugu na yule bibi wa misumari?" Nikasema ni dada ya marehemu baba yangu. Akanishika mkono akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimwinamishe.

Amenieleza yote. Mlikuwa mmeketi Kichangani mnakula mkate. Mtu mmoja akauliza kama si wakati wa kurudi, ukamjibu, "Uliza ndege, usiniulize mimi." Sululu walikuwa wamesimama tu kwenye ukingo wa mchanga, hata mmoja hakuinuka. Bibi Annelene akawageuzia mgongo, akafungua kifungo cha blauzi, akachungulia ndani. Alikuwa na saa ndogo ameibana kwa pini kwenye nguo ya ndani! Anasema miaka yote ya ualimu hajawahi kumkabidhi mtu saa yake, na hakuona sababu ya kuanza na wewe. Akasimama akasema, "Mabibi na mabwana, tunaondoka." Ukamkaripia mbele ya watu. Akaondoka. Wenzake wakamfuata kama darasa la tatu.

Na wewe ukabaki umeketi. Umeketi, shangazi! Ukiwangoja ndege!

Walipofika kuvuka Mkondo Mweusi warudi kisiwani, maji yalikuwa kifuani kwa watu warefu. Anasema ulikuja mbio kutoka nyuma, ukambeba mgongoni, ukavuka naye ukitukana kwa Kifrisia njia nzima. Amenisisitiza niliandike hili pia: bila mgongo wako asingefika ng'ambo. Hana kinyongo na wewe. Mimi ninacho.

"Walilowa kidogo." Mwanamke wa watu amelala chini ya hema la mvuke, na wewe unaniandikia kabichi.

Nimewaahidi watu kumi. Wengine wana watoto wadogo. Niambie mambo mawili, na uniambie kwa maneno yaliyonyooka: kwa nini sululu hawakuinuka siku ile? Na utawaacha watu wangu waje na saa zao mkononi, au la?

Na hiyo bunduki irudi darini. Tai analindwa na sheria, ukimpiga watakufunga.

Frauke


Norderwisch
2 Oktoba 1968

Kwa Bibi Frauke, muuguzi, Husum.

Mimi ni mzima. Kondoo ni wazima.

Nilikuwa navuka Mkondo Mweusi mama yako akiwa bado anacheza na wanasesere. Nyumba ni yangu, mlango ni wangu, misumari ni yangu. Mwenye kutaka kutembea na saa akatembee sokoni.

Ndege hawajakosea. Hawajawahi kukosea. Baba yako alitoka na saa, mimi nilitoka na ndege, na sote tunajua nani alirudi. Ni huyu jambazi wa nguzoni ndiye anayewazuia wasije majanini. Akiondoka yeye, kila kitu kitarudi mahali pake, na mimi sitahitaji kufundishwa kazi na mwalimu anayeficha vitu kifuani.

Mpe pole. Mpe na supu ya kondoo, nakuletea kipande cha paja kwa mashua hii.

Gönke


Husum
4 Oktoba 1968

Shangazi,

Paja limefika. Bibi Annelene amekunywa supu bakuli mbili na kusema haina chumvi.

Nimefuta safari ya Jumapili. Nimewaambia chama goti lako ni baya. Nimekudanganyia, mara ya kwanza na ya mwisho.

Sasa nisikilize, maana nimekusikiliza tangu nikiwa na miaka sita. Saa haikumuua baba. Mlipompata ilikuwa mfukoni mwake bado inatembea, wewe mwenyewe uliniambia, na wewe mwenyewe ndiye uliyeitundika kwenye msumari wa kwanza. Ilikuwa sahihi. Upepo ulitoka magharibi ukayaleta maji mapema, na kulikuwa na ukungu, asingeona ndege hata kama angewatafuta. Hakuwa mjinga wala mbishi. Alikosa bahati. Nimekua nikisikia kila mgeni akihadithiwa pale mlangoni jinsi baba yangu alivyoamini saa, na wageni wanatikisa vichwa, na mimi nimesimama na sinia la mikate. Sikuwahi kukuambia jinsi ilivyoniuma. Ndio nakuambia leo.

Nakuogopea. Sikuogopei polisi, nakuogopea Kichanga. Najua hutangoja tai aje kwako, utamfuata kule chini, peke yako, na macho yote kwake. Upande wa baba nimebaki na wewe tu. Ukifa kule kwa ajili ya kubishana na ndege sitakusamehe, na nitalia maisha yangu yote, vyote viwili.

Barua hii nampa Nahmen mkononi. Nijibu hata neno moja.

Frauke


Husum
14 Oktoba 1968

Shangazi,

Sijui kama utaisoma hii. Mashua hazijatoka tangu Jumanne na redio inasema visiwa vyote vidogo vimefunikwa na maji, vimebaki vilima vya nyumba tu. Naijua hali hiyo, nimelala kwenye dari lako na kondoo wakikohoa sebuleni. Siogopi dhoruba.

Nilipiga simu kwa Nahmen Jumanne jioni. Mkewe alipokea. Mara zote namlaani kwa udaku wake, siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Akasema, "Gönke? Nimemwona mchana anashuka kuelekea nguzoni, kavaa koti kubwa, kabeba kitu kirefu kimefungwa kwenye gunia." Nikamuuliza kama amekuona ukirudi. Akasema, "Ngoja nikachungulie dirishani." Waya ukakatika hapo. Tangu hapo simu ya kisiwani haiiti.

Sijalala vizuri. Dirk ananipikia chai ninaisahau. Bibi Annelene ameondolewa lile hema, anakaa kitandani ananitazama, na jana akasema, "Yule mwanamke ana mgongo kama farasi. Watu wa namna hiyo hawafi hovyo." Nikatoka nje nikalia ukumbini.

Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitaanza kufikiria.

Frauke


Norderwisch
17 Oktoba 1968

Frauke mwanangu,

Niko hai. Neno moja ulilotaka ndilo hilo, sasa vuta pumzi unywe hiyo chai.

Barua zako mbili Nahmen amenipa leo kwa pamoja, ile ya tarehe nne na hii ya mwisho. Ile ya tarehe nne ulimpa mkononi aniletee. Aliisahau kwenye koti la mvua. Kwa hiyo ujue sikuidharau, sikuiona, ndiyo maana Jumapili niliwangoja bure. Nimeisoma mara tatu. Mke wa Nahmen alinichungulia dirishani siku ile, kweli, na aliponiona sirudi akamtoa mumewe mezani na kijiko mdomoni aje kunitafuta. Siwezi kumnunia tena, ni hasara kubwa.

Nitakueleza ilivyokuwa, wala usinikatize.

Nilikwenda kumuua. Nilimkuta hayupo, nikalala kifudifudi kwenye kijito kando ya nguzo, kwenye majani yale mekundu ya chumvi, bunduki mbele yangu. Mfukoni nilikuwa na saa ya Ketel, nimeitia ufunguo na kuilinganisha na redio. Usiniulize kwa nini. Nilipokuwa natoka mlangoni mkono ukaenda wenyewe kwenye msumari wa kwanza. Nilijiambia nitaenda kumwonyesha ndugu yangu jinsi kazi inavyofanywa.

Akaja. Akatua na bata mguuni, karibu kiasi kwamba niliona jicho lake, la njano. Nilikuwa naye, Frauke. Kidole kilikuwa tayari. Lakini kabla sijafyatua nikatazama Kichangani, kwa mazoea tu, kama mtu anavyotazama jiko kabla ya kutoka. Sululu walikuwa wamesimama kimya, wote. Nikajiambia, vizuri, muda upo. Halafu nikatoa saa nikaitazama, nami nilitaka kuicheka. Saa ikasema nenda nyumbani.

Nikatazama tena ndege. Nikawatazama kwa darubini ndogo iliyofungwa juu ya bunduki. Mwanangu, walikuwa wamesimama ndani ya maji. Maji yamewafika tumboni, wengine yanawanyanyua, wanapepesuka, na bado hawaji. Wameona majani yao yako pale, pakavu, na yule tai amekaa juu yake, na wameona heri maji. Miaka yote nimewatazama ndege wale sijawahi kuona kitu kama kile. Hawakunidanganya siku ile nilipokuwa na wale wageni. Walikuwa wanaogopa tu. Na mtu anayeogopa usimwulize saa ngapi.

Nikawa nimelala pale na bunduki yangu, na nikaona hata mimi ni vivyo hivyo. Maji yananifika tumboni na sitoki, kwa sababu ya nguzo ile.

Niligeuka. Kijito nyuma yangu kilikuwa kimeshajaa, upepo ulikuwa wa magharibi na ulikuwa unakua. Niliingia mpaka kifuani. Bunduki ilinishinda, nikaiacha. Iko chini ya tope sasa, na hapo ikae. Saa niliiinua juu ya kichwa kwa mkono mmoja kama mtu anayeapa mahakamani. Nahmen anasema ndicho kitu cha kwanza alichokiona, mkono na saa, akadhani nimepagawa. Alinivuta kwa kamba. Sijamshukuru bado, anajivuna sana.

Tai yupo. Dhoruba ilipoisha nikachungulia, amekaa nguzoni amelowa kama kuku. Nguzo imara, alisema Nahmen. Ndiyo, nikasema, tuliisimika wenyewe.

Uliyoyasema kuhusu sinia la mikate nimeyasikia. Sitayaandikia mengi, mkono wangu haujui. Hadithi ile haitasemwa tena mlangoni kwangu. Mgeni akiuliza Ketel alikuwa nani, ataambiwa alikuwa ndugu yangu, alipenda nyama ya kondoo iliyoungua kidogo, na upepo ulimuwahi.

Misumari sijaing'oa, ni misumari mizuri. Nimetundika vitunguu.

Waambie watu wa chama goti limepona. Waje Jumapili ya tarehe 3 Novemba, kuna bamvua tena, mabata bukini bado watakuwepo na yule jambazi wa nguzoni naona hana mpango wa kuhama. Kila mtu na saa yake mkononi, na upepo ukigeuka magharibi hatushuki, tutakula keki ndani.

Na Bibi Annelene, daktari akimruhusu, mlete. Nitamweka chumba cha karibu na jiko. Mwambie supu ijayo atatia chumvi mwenyewe. Na mwambie ile saa yake safari hii aibane nje ya koti, kifuani, watu waione. Yeye ndiye atatangulia. Mimi nitatembea nyuma yake.

Shangazi yako,
Gönke